Kwa mdogo wangu unayeondoka Septemba bila kuniaga

Mdogo wangu, assalaam alaykum.

Nimesikia kwa watu. Umepata nafasi kwenye kituo cha vijana, mji mdogo huko Ujerumani, mwaka mmoja kuanzia tarehe 1 Septemba. Hongera. Nimefurahi hata nikashindwa kukaa kitako, na nimekasirika kwa sababu habari yenyewe nimeipata kwa mpangaji wa shangazi, si kwako.

Naandika hapa pa wazi kwa kuwa simu zangu hupokei, na kwa kuwa wapo wengi ambao hivi sasa wameshika bahasha ya wakala kama ile uliyokuwa umeshika wewe. Nao wasome.

Kwanza tuliite jambo kwa jina lake. Unakokwenda huendi kuajiriwa. Bundesfreiwilligendienst ni huduma ya kujitolea ya serikali kuu ya Ujerumani. Ilianza Julai 2011, walipositisha jeshi la lazima, na pamoja nalo ile huduma ya kiraia ya vijana waliokataa kushika bunduki. Ukiwa humo hulipwi mshahara. Unapewa Taschengeld, yaani pesa ya mfukoni, nayo sheria imeiwekea kikomo: mwaka 2025 kilikuwa yuro 644 kwa mwezi, na vituo vingi hutoa chini ya hapo. Bima ya afya na michango ya hifadhi ya jamii wanalipa wao. Chumba na chakula ni suala la mkataba. Ama unapewa, ama unapewa pesa yake, ama hupewi kabisa. Mstari huo usome kabla ya mwingine wowote, maana mwenye chumba cha bure na yuro 350 anaishi vizuri kuliko mwenye yuro 600 anayejilipia kodi.

Neno hilo, Taschengeld, ndilo lililotuponza mimi na wewe.

Siku ya arobaini ya baba, wageni wameshakula, umekuja barazani na karatasi mbili: ya wakala na ya mauziano ya nusu ya shamba la michungwa. Wakala anataka milioni sita. Amekuahidi ajira ya kudumu. Fungu langu kwenye shamba lile ni dogo kuliko lako, lakini bila sahihi yangu mauziano hayaendi, kwa hiyo nikaomba nisome. Nikaweka kidole kwenye lile neno, nikalisoma kwa sauti, nikalitafsiri. Baba wadogo wote wamekaa mkekani. Ndipo uliposema, "Dada, wewe umeshashiba, mwenye njaa utamjulia wapi?" Hakuna aliyekukanya. Mama akaendelea kupangusa sinia lile lile lililokwisha kukauka.

Neno lako lile silisahau. Nimejaribu.

Labda ningekuita pembeni, hilo nalikubali. Lakini kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa baba mdogo, na ningekuita pembeni saa ngapi? Na wewe uliona nimekuvua nguo mbele za watu, hukuona nilichokiona kwenye karatasi. Haikutaja kituo utakachofanyia huduma. Haikuwa na jina la Bundesamt, ile ofisi ya serikali kuu iliyoko Köln, ambayo bila yake hakuna mkataba wa huduma hii: makubaliano ni ya kujitolea na serikali kuu, na kituo kinaandikwa humo kwa jina na anwani. Namba ya akaunti ilikuwa ya mtu binafsi. Kama ningekuwa na wivu, ningetia sahihi. Ningekuacha uuze michungwa aliyoipanda baba, halafu ningekaa kimya nikuone unavyorudi kutoka uwanja wa ndege na begi lako.

Wengine mnaosoma, gharama halali mnazoweza kujihesabia wenyewe ni hizi. Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000. Ada ya viza ya kitaifa ni yuro 75. Kuna ada ya mtihani wa lugha, na hapa msijidanganye: hata panapotakiwa A2 tu, ngazi ya pili kutoka chini, ni mamia ya saa za kusoma, si wiki sita. Kuna tiketi ya ndege. Kutafuta nafasi kwenyewe ni kuandika barua pepe kwa mashirika yanayosimamia vituo, moja baada ya jingine, na kuvumilia kutojibiwa. Kwa wenye miaka 18 hadi 28 kuna pia weltwärts, mpango wa wizara ya ushirikiano wa maendeleo ya Ujerumani. Ulianza 2008 kwa kuleta vijana wao kwetu, kwenye shule na vituo vyetu, na mwaka 2013 ndipo njia ya kutoka kwetu kwenda kwao ilipofunguliwa. Huko maombi yanapitia shirika la hapa nyumbani lenye mwenzake Ujerumani, na tiketi, bima, malazi na semina hubebwa na mpango.

Sasa nirudi kwako, maana muda ni mfupi.

Kadi yako ya kliniki iko kwenye sanduku la bati la mama, chini ya vitenge. Itafute leo. Tangu Machi 2020 sheria yao inamtaka kila anayefanya kazi shuleni, chekechea na sehemu nyingi za watoto athibitishe kinga ya surua, na kwa mtu mzima wa umri wako ni dozi mbili. Ukiikosa kadi, chanjwa hapa na upate maandishi yenye muhuri, au upimwe damu kuonyesha kinga. Watu hufika, hukaa wiki tatu chumbani wakisubiri karatasi hiyo moja. Cheti cha tabia njema cha polisi nacho usikiache mwishoni, kwa sababu alama za vidole zina foleni yake.

Ukifika, siku ya kwanza kabla hujafungua begi, andika jina lako la ukoo kwenye sanduku la barua la nyumba unayolala. Kwao mposta haangalii namba ya chumba, anatafuta jina. Asipoliona, barua inarudi ilikotoka. Namba yako ya kodi, kadi ya bima, mambo ya benki, miadi ya ofisi ya wageni, vyote vinakuja kwa barua. Kisha ndani ya wiki mbili ukajiandikishe kwenye ofisi ya wakazi, na uwe na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Viza yako ikiwa ya miezi mitatu, omba miadi ya kibali cha ukaazi wiki ile ile, si mwezi wa tatu. Na ikija barua ya ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi, usiitupe eti huna televisheni. Inatozwa kwa nyumba, si kwa mtu, kwa hiyo waulize unaoishi nao nani tayari analipa, upeleke namba yake kwa waliokuandikia.

Usitume pesa nyumbani miezi mitatu ya mwanzo. Najua watakupigia. Watasema uko Ulaya. Sema hapana, au waambie dada ndiye aliyekukataza, nimeshazoea kubeba lawama zako.

Kuhusu kituo chenyewe. Watoto huanza kumiminika baada ya shule, wengine wana kazi za darasani, wengine wanataka mpira wa mezani tu, wengine hawataki chochote isipokuwa mahali pa kukaa. Kijerumani cha mtihani na kile wanachozungumza wao ni lugha mbili. Makosa ya kila anayekwenda ni kukimbilia jikoni: lugha inamshinda, anaanza kuosha vyombo, wiki ya sita ameshakuwa mwosha vyombo na hakuna mtoto anayemjua jina. Omba siku moja ya wiki iwe yako, na uifanye kitu kisichohitaji maneno mengi. Beba bao. Mashimo 32, kete 64, na wewe unalicheza tangu hujajua kusoma. Lakini kete za komwe ziache, maana mbegu haziingii Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea. Nunua maharagwe huko. Wiki tatu za kwanza watacheka, ya nne utakuta wameanza kugombea zamu.

Usiachwe peke yako na kundi la watoto. Wewe ni msaidizi, na huduma hii hairuhusiwi kuziba pengo la mwajiriwa. Wakikupangia zamu peke yako mara moja kwa dharura, sema. Ikiwa mara ya pili, andika kwa shirika linalokusimamia, taja tarehe na saa. Hutafukuzwa kwa hilo. Anayefukuzwa ni yule anayepiga picha za watoto na kuziweka kwenye stetasi ya WhatsApp, na wewe nakujua. Bila ruhusa ya maandishi ya mzazi, hata mgongo wa mtoto usipige.

Siku 25 za semina kwa mwaka ni sehemu ya huduma, si likizo, nenda zote. Cheti cha mwisho kiombe mapema, na hakikisha kinaeleza ulichofanya, kisiwe cha kusema tu ulikuwepo. Ukirudi ukataka kuanzisha kile kikundi ulichokuwa unakizungumza na baba, asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo ya vijana, na cheti kama hicho kwenye andiko lako kitasomwa. Baba alikuwa anakisubiri kikundi kile. Aliniambia mimi, hakukuambia wewe.

Shamba lipo lote. Karatasi yako ninayo, haina sahihi.

Mama atataka kukufungia machungwa. Usimvunje moyo, yapokee, uyale njiani au uyagawe uwanjani, kwa sababu yatachukuliwa forodhani. Matunda wanayoruhusu bila cheti ni nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani tu.

Na saa: unapofika, sisi tutakuwa mbele yenu kwa saa moja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa zao nyuma, zinakuwa mbili. Ukimpigia mama saa mbili usiku ya huko, huku ni saa nne, ameshalala. Mpigie saa kumi na mbili jioni ya huko, atakuwa ametoka kuswali isha.

Mimi huwa macho mpaka saa sita.

Dada yako