Barua ya wazi kwa mtoto wa kaka yangu, aliyeifuta Morrowind baada ya dakika 20

Mwanangu,

Salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kuwa mimi shangazi yako ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako. Na safari hii mashaka ni ya kweli, maana ile sauti uliyonitumia Jumapili usiku nimeisikiliza mara tatu. Dakika 20, mwanangu! Umecheza hiyo gemu ya kompyuta dakika 20, ukaifuta, halafu ukanirekodia malalamiko ya dakika nne nzima. Nakujibu hadharani kwa sababu hauko peke yako. Hata darasani kwangu wapo vijana wenye maneno kama yako. Jina lako sitalitaja, ukijitangaza mwenyewe shauri yako.

Ulilalamikia mambo matatu. Upanga unampita panya mwilini na panya hana habari. Mtu wako anatembea kama amefungiwa mawe miguuni. Na la tatu, lililonikalisha kitako niandike: "Shangazi, hii gemu haikuonyeshi pa kwenda."

Mawili ya kwanza nakuachia. Ile gemu kila pigo inalirushia dadu kimyakimya, na kama stadi yako ya upanga ni ndogo, tena umechoka kwa kukimbia, unakata hewa. Ilikuwa inakera mwaka 2002 ilipotoka na inakera leo. Nikuongezee na mengine ambayo hukukaa kuyaona. Watu wa mji wa Balmora hawalali. Mwenye duka anasimama nyuma ya meza yake usiku na mchana, mwaka mzima, kama kabati. Ukimuuliza mtu swali anakujibu kwa aya iliyonakiliwa, ile ile aliyokupa jirani yake. Oblivion, gemu iliyoifuata, ilipokuja mwaka 2006 ikawapa watu ratiba, wakawa wanakula, wanalala, wanatoka kazini, na mimi nilishangilia. Kwa hiyo usinifanye yule mzee wa kusema kila cha zamani ni dhahabu.

Lakini la tatu sikupi.

Hebu nikupe kisa. Mwaka 2006 nilikuwa Tanga, mwalimu mpya, nina kompyuta ya mitumba na CD ya kuchoma niliyopewa na mwalimu mwenzangu. Ndiyo ulikuwa mwaka wa ule mgao mkali wa umeme, unacheza saa mbili gizani unakaa sita, na ukisahau kusevu ni kilio. Intaneti ya kutafutia majibu hatukuwa nayo nyumbani. Nilikuwa na kaunta buku na kalamu. Mle kwenye gemu bwana mmoja anaitwa Hasphat Antabolis akaniambia anataka kisanduku kutoka kwenye magofu ya Arkngthand, akanielekeza: toka mjini, vuka mto, ipite ngome ya Moonmoth, utakuta daraja la kale la Dwemer, wale watu wa zamani waliotoweka, juu ya korongo, magofu yako ng'ambo. Basi. Hakuna mshale wa kukuelekeza kwenye kioo wala nukta inayomeremeta. Nikayaandika yale maneno kwenye kaunta buku.

Wewe umezaliwa na simu mkononi, lakini bibi yako anavyoelekeza unajua: shuka penye mwembe uliokatwa, ukiuona msikiti wa bati la kijani umepitiliza, rudi, uliza kwa muuza mihogo. Maelekezo ya namna hiyo yanakulazimisha utazame nje. Mwembe wa tatu unakuwa na maana kwa sababu siyo ule uliokatwa. Nami jioni ile nililipitiliza daraja, nikaingia korongoni kwenye vumbi la majivu, nikafukuzwa na midege yenye mkia mrefu inayolia kama bawaba kavu (wote waliocheza wanawajua na wote wanawachukia), nikarudi hadi ngomeni kuanza upya. Nilipoyapata magofu, mlango hauna kitasa. Kumbe nje pale kuna mkono wa chuma unaozungushwa, mlango ufunguke. Ndani, kile kisanduku ni kidogo kama mche wa sabuni uliotumika nusu. Kilinila jioni tatu.

Leo nikifumba macho naweza kukuchorea njia ile. Skyrim, mdogo wao Morrowind na Oblivion, nimeicheza zaidi ya saa mia mbili, nayo naipenda, milima yake na theluji yake hakuna mfano. Ila usiniulize njia ya kwenda kwenye pango lolote lile. Nilikuwa nautazama mshale juu ya kioo, si mlima. Na utaniambia, "Shangazi, si uuzime?" Niliuzima. Jaribu uone. Mtu anakuambia nenda pango fulani ukaniletee upanga wa marehemu babu yangu, na hakuambii liko kaskazini au kusini, kwa sababu waandishi walijua mshale utakuwepo. Mshale haukuja kama msaada juu ya maelekezo. Ulipoingia, maelekezo yaliondoka midomoni mwa watu.

Ndiyo maana watu wanapohesabu kina kwa idadi sielewani nao. Kuna takwimu moja mashabiki wanaipenda sana: Morrowind stadi 27, Oblivion 21, Skyrim 18. Wanaitaja kama hati ya mashtaka. Mimi nilizitumia zile 27 na nakwambia nyingine zilikuwa za kujaza karatasi. Na ukubwa nao si kina. Mwaka 1996 Bethesda, kampuni iliyotengeneza gemu hizi, ilitoa Daggerfall, ramani yake inalinganishwa na kisiwa kizima cha Uingereza Kuu, ina sehemu zaidi ya 15,000 zilizopangwa na kompyuta. Ukiona mji mmoja umeona mia. Morrowind ikaja na kisiwa kimoja tu, Vvardenfell, kimepangwa kwa mkono, na humo ndimo nilimopotea miaka miwili.

Kwangu mimi kina ni gemu kukuachia jambo la kufanya kwa akili yako, kisha ikubali ukosee. Angalia yule mchawi Tarhiel. Ungevumilia dakika kumi zaidi ungemwona. Unatoka kijiji cha kwanza unashika barabara, unasikia mtu anapiga kelele juu, mara puu, ameanguka mbele yako, amekufa. Mfukoni ana hati tatu za uchawi na shajara ya majigambo. Hati ile inakuongezea uwezo wa kuruka kwa pointi 1,000, kwa sekunde saba. Hakuna anayekuonya. Nikaisoma, nikaruka, paa za nyumba zikapotea kwenye ukungu chini yangu, nikacheka peke yangu sebuleni kama mwehu, halafu sekunde saba zikaisha kabla sijatua. Siku ya pili nikagundua ukisoma hati ya pili kabla hujagusa ardhi, unatua salama. Hilo hakuna aliyenifundisha. Gemu ya leo ingeweka ukuta usioonekana, au ingenizuia kabisa nisiruke.

Na kukatazwa pia ni kina, usishangae. Kule kuna koo kubwa tatu za kujiunga nazo, Hlaalu wafanyabiashara, Redoran wapiganaji, Telvanni wachawi, na ukiingia moja basi mbili umezikosa. Nilichagua Telvanni. Wazee wale wanaishi ndani ya uyoga mkubwa kama ghorofa, na majumba yao hayana ngazi za kupandia juu. Ukitaka kumwona mwenye nyumba, paa hewani kwa uchawi. Huwezi kupaa? Basi huna la kuongea naye. Hawakuhitaji kitabu kunieleza dharau ya watu wale, nyumba yenyewe ilinieleza. Sasa linganisha na Skyrim, ambamo nilikuwa mkuu wa chuo cha wachawi, kiongozi wa mashujaa wa Whiterun na kigogo wa wezi, yote wiki moja, na uchawi niliokuwa nao ni wa kuwashia jiko. Cheo ambacho hakuna wa kuninyima sikukionea fahari.

Jambo jingine, hili ni la kazi yangu kwa hiyo nivumilie. Kisa chote cha Morrowind kimesimama juu ya swali la nani alimuua Nerevar, shujaa wa kale wa kule, chini ya Mlima Mwekundu. Hekalu lina jibu lake. Watu wa jangwa la majivu wana jibu jingine, kwamba miungu ya hekalu ndiyo iliyomuua. Vivec, mmoja wa hao miungu, unakutana naye uso kwa uso, naye anakupa lake. Vitabu vya mle ndani vinapingana, na gemu haikuamulii hadi mwisho. Hata wewe mwenyewe huambiwi kama kweli ni Nerevar aliyezaliwa upya au ni mfungwa tu aliyejaza nafasi iliyokuwa wazi. Mwalimu wa historia ningeomba nini zaidi? Habari za Kilwa zimetufikia kwa Kiarabu na kwa Kireno cha João de Barros wa 1552, na orodha za masultani hazilingani. Kila mwaka wanafunzi wananiuliza ipi ni ya kweli, na kila mwaka napenda nyuso zao nikiwarudishia swali.

Najua utanirukia na ile gemu nyingine, The Witcher 3. Twende. Ilitoka Mei 2015 kutoka Warsaw, na ina mshale, tena ina na vitone vya kukuongoza barabara nzima kama kuku anayefuata mtama. Kwa hiyo nakubali: mshale peke yake hauui kina. Wale Wapoland walikiweka pengine. Unakumbuka yule Baron wa Velen, mlevi aliyempiga mkewe hadi akatoroka? Nilikwenda nikiwa tayari nimemhukumu. Kisha ukafika kwenye ule mti, roho iliyofungwa ndani yake inakuomba uifungue, inaahidi kuwaokoa watoto yatima. Niliifungua. Nani angewaacha watoto? Watoto wakaokoka. Baadaye nikasikia kijiji cha Downwarren kimefyekwa, mke wa Baron akafa kwa laana ya wale vikongwe wa kinamasi, na niliporudi kwa Baron kumdai ujira nikamkuta amejinyonga uani kwake. Wewe uliiua ile roho, na Baron wako alimpeleka mkewe milimani kutafuta mganga, lakini watoto wako walikwenda wapi? Tulibishana Idi nzima, mama yako akatufukuza mezani. Hakuna aliyeshinda ubishi ule, na gemu yenyewe haikutupa alama ya wema wala ubaya tuitumie kama ushahidi.

Lakini ushahidi wangu mkubwa si Baron. Ni wewe.

Mwaka 2022, gemu ya Elden Ring ilipotoka, ulinipigia simu saa nane usiku. Nikadhani msiba. Kumbe ulikuwa unapita msituni Limgrave, ukaingia kwenye jengo bovu, ukakanyaga lifti, ikashuka. Ikashuka. Ikaendelea kushuka hadi ukadhani gemu imeharibika, kisha ukuta ukafunguka na chini ya ardhi ukaona anga lenye nyota na mto wa Siofra unapita kati ya nguzo za kale. Ulikuwa unapiga kelele hadi baba yako akaamka. Nikuulize sasa: nani alikuonyesha lifti ile? Elden Ring ina ule mwale wa dhahabu kwenye vituo vya kupumzikia, ndiyo, na mwale ule haukuelekeza huko. Yule mpanda farasi wa dhahabu wa mwanzoni alikuua mara kumi na tano, na hakuna aliyekuambia unaweza kumzunguka. Yule mbwamwitu anayelia juu ya magofu hukumshusha kamwe, kwa sababu hukurudi kumuuliza mchuuzi wa kanisani, na hakuna daftari la misheni lililokukumbusha. Kampuni ilitangaza kopi milioni 12 chini ya mwezi mmoja. Kwa hiyo usiniambie kizazi chenu hakiwezi kupotea. Mnapotea vizuri sana mkiachwa.

Kaunta buku bado ninayo. Jalada limetoka, kurasa za mwanzo zina pete za vikombe vya chai, na kuna mahali nimeandika "USIMUUE HUYU" kwa kalamu nyekundu, kwa sababu kule ukiua mtu muhimu anakufa kweli, gemu inakutaarifu tu kwamba unabii umekatika na inakuacha uendelee na dunia uliyoiharibu. Baba yako anapita Tanga Ijumaa, nitampa akuletee. Irudishe Morrowind kwenye kompyuta yako, panya wakwepe mpaka stadi ikue, na usikimbie kabla ya kupigana.

Ukurasa wa Arkngthand nimeuchana. Kisanduku kimo ndani, na ni kidogo kuliko unavyodhani. Ukikipata nipigie, hata iwe saa nane.

Wako,
Shangazi