Wakandarasi waandike kazi ya udongo katika bei ya nyasi

Mhariri,

Kila mvua ya vuli inapokaribia, malori yaliyosheheni mabamba ya nyasi huonekana tena katika mitaa mipya ya Nairobi, na wenye nyumba wengi hulipia uga wa kijani ambao hupendeza kwa majuma machache kisha ukakauka. Lawama huangukia nyasi, jua au mgao wa maji. Kwa maoni yangu, mambo huwa yameharibika kabla lori halijafika, na ndiyo maana nawasihi wakandarasi waorodheshe kazi ya udongo katika makadirio yao ya bei, badala ya kutaja nyasi peke yake.

Katika mtaa wetu huku Embakasi, aliyepewa kazi hiyo alitandaza nyasi juu ya mabaki ya saruji, vipande vya matofali na ardhi iliyoshindiliwa na magari ya ujenzi. Tulipovuta bamba mojawapo baadaye, lilinyanyuka zima, mizizi ikiwa imejisokota upande wa chini bila kupenya popote.

Udongo wetu ni ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, tofauti na ule mwekundu wa Karen au Runda, ambao hupitisha maji kwa urahisi zaidi. Ukiulima ukiwa umelowa chepechepe, utapata mabonge yasiyovunjika hata kwa jembe. Ni heri kusubiri hadi uwe na unyevu wa kiasi, unaomeguka mkononi. Taka za ujenzi ziondolewe, wala zisifukiwe, ndago, lile gugu lenye viazi vidogo ardhini, ing'olewe pamoja na viazi hivyo, kisha ardhi itifuliwe sentimita 15 hadi 20 kwenda chini na kuchanganywa na samadi iliyooza kabisa, kwa kuwa samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta mbegu za magugu. Wakati wa kusawazisha, uga uachiwe mteremko wa sentimita moja au mbili kwa kila mita, ukielekea mbali na ukuta wa nyumba, la sivyo maji ya mvua yatatuama msingini.

Mabamba yatandazwe siku yaleyale yanapofika, maana yakirundikwa hupata joto na kuwa manjano. Yabanane bila kupandana, viungo vya safu moja visilingane na vya safu inayofuata, kisha yashindiliwe kidogo na kumwagiliwa hadi udongo wa chini ulowe. Anayechagua nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda zetu hizi za juu ingawa leo zimeenea hadi Australia, akumbuke kwamba hazipendi kivuli, na majirani wetu siku hizi hawaachi kuongeza ghorofa.

Kwa kuwa mabomba yetu hukauka mara kwa mara, ni busara kazi hii ifanywe mvua inapoanza, mwezi wa Oktoba au mwishoni mwa Machi. Nyasi zisikanyagwe kwa majuma mawili hivi. Pia napendekeza mkataba umruhusu mteja kuzuia sehemu ya mwisho ya malipo hadi pembe ya bamba lolote atakalolichagua mwenyewe ivutwe kwa mkono na ikatae kung'oka.

Msomaji wako,
Embakasi, Nairobi