Barua ya wazi kwa Gavana wetu kuhusu mfumo wa maoni ya umma

Mheshimiwa Gavana,

Nimesoma tangazo la zabuni la kaunti yetu, la kutafuta kampuni itakayojenga mfumo wa wananchi kutoa maoni na kujadiliana mtandaoni. Nakuandikia mapema kabla bahasha hazijafunguliwa, kwa sababu zikishafunguliwa yatakuwa mambo ya mawakili.

Mimi ni fundi wa kompyuta na mkaazi wa kaunti hii. Februari mwaka jana niliketi katika ukumbi wa jamii wa wadi yetu pamoja na watu kama themanini, tukijadili vipaumbele vya bajeti. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama akaeleza, kwa utulivu na kwa hesabu kamili, kwamba pampu ya kisima chetu imekufa kwa miezi saba, na kwamba paneli za sola zingetuondolea gharama ya dizeli. Watu walimpigia makofi. Karani akaandika. Tukatia sahihi karatasi ya mahudhurio, tukanywa soda, tukatawanyika. Bajeti ilipotoka, wadi yetu ilikuwa imetengewa ukuta na lango la ofisi. Nilipouliza maoni ya yule mama yaliishia wapi, nikaambiwa yamo kwenye ripoti. Ripoti yenyewe mpaka leo sijaitia machoni.

Sidai kwamba paneli zilipaswa kushinda. Huenda palikuwa na sababu nzuri ya kuziahirisha. Kinachouma ni kwamba hakuna aliyemwambia sababu hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 201, inataka uwazi na ushiriki wa umma katika mambo ya fedha. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakwenda mbele zaidi: kifungu cha 89 kinazipa mamlaka za kaunti wajibu wa kuyajibu bila kukawia maombi yanayowasilishwa na wananchi. Neno ni kujibu, Mheshimiwa. Kuandika daftarini ni nusu tu ya kazi.

Mfumo wa kwanza wa mtandaoni tuliununua, na wewe unajua ulivyoisha. Kwa miaka miwili tuliandika humo habari za barabara, dawa na taa za soko. Mkataba ulipomalizika, kampuni ikazima seva, yaani kompyuta zilizohifadhi mfumo, na kila tulichokiandika kikaenda nayo. Maafisa wenyewe hawakuwa na nakala. Maneno ya watu wa kaunti nzima yalikuwa mali ya mtu mwingine, nasi hatukujua mpaka yalipotoweka.

Ndiyo maana naomba zabuni hii iandikwe upya na sharti liwe programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake, yale maagizo yanayoiendesha, uko wazi, kila mtu ana haki ya kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuusambaza. Mwenye kuijenga akiondoka, fundi mwingine anaingia na kuendelea pale alipoachia. Data inabaki kwenye seva ya kaunti.

Mfano ninaoufahamu vizuri ni Decidim, programu huria ya wananchi kutoa maoni; jina lake ni neno la Kikatalani lenye maana ya "tunaamua". Mwaka 2016 jiji la Barcelona lilitaka wakaazi washiriki kuandika mpango wa jiji wa miaka minne. Halikuanza na karatasi tupu. Lilichukua Consul, programu huria ya jiji la Madrid, likaanzia hapo, na mapendekezo zaidi ya 10,000 yakakusanywa. Baadaye Barcelona iliijenga upya kabisa, ikaiachia dunia. Helsinki inaitumia kwa bajeti shirikishi. Umoja wa Ulaya uliitumia mwaka 2021 na 2022 katika mkutano wake kuhusu mustakabali wa Ulaya, kwa lugha 24. Kama lugha 24 ziliwezekana, Kiswahili na lugha zetu za nyumbani haziwezi kuwa kisingizio, ingawa kazi ya kutafsiri itabidi tuifanye wenyewe na kuilipia.

Lakini sababu inayonifanya niitetee ni jinsi inavyolishughulikia neno la mwananchi. Pendekezo likishaingia linapata ukurasa wake. Watu wanaliunga mkono, wanalipinga, wanalijadili hapo hapo chini yake. Ofisi inapofikia uamuzi, inaweka jibu kwenye ukurasa uleule: limekubaliwa, limekataliwa au bado linatathminiwa, na sababu yake ikaandikwa mbele ya macho ya kila mtu. Likikubaliwa linaunganishwa na mradi uliotokana nalo, na unaweza kufuatilia mradi huo umefika asilimia ngapi. Pendekezo likirekebishwa, matoleo ya awali hayapotei, na kila pendekezo lina alama yake ya kidijitali, kama alama ya kidole: herufi moja ikibadilishwa, alama inabadilika. Ukiwa umeihifadhi alama ya awali, afisa akilifuta neno "kisima" usiku na kuandika "lango", utajua.

Tena mikutano ya ana kwa ana haiachwi nje. Karani anaweza kuingiza pendekezo lililotolewa ukumbini na kuonyesha kwamba limetoka kwenye kikao fulani. Yule mama anatumia kabambe, simu ndogo ya vitufe, na bando ni ghali. Hahitaji kuingia mtandaoni. Anahitaji alichokisema kiingie, na binti yake au mzee wa mtaa aweze kumsomea jibu.

Leseni yake ni AGPL, toleo la tatu, la mwaka 2007. Inasema hivi: ukiibadilisha programu na kuiweka mtandaoni watu waitumie, sharti uwape watumiaji hao msimbo ulioubadilisha. Kwa hiyo hata mkandarasi wetu hawezi kuifungia ndani kisha atuuzie funguo.

Kuna watakaokuambia programu huria ni mchezo wa wanafunzi. Waulize takwimu za zahanati zetu zinapita wapi kila mwezi. Zinapita kwenye DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya iliieneza nchi nzima tangu 2011. Na mapema 2008, nchi ilipokuwa ikiungua baada ya uchaguzi, Wakenya waliunda Ushahidi ili wananchi waripoti ghasia kwa ujumbe mfupi wa simu. Miaka miwili baadaye programu hiyo ilikuwa ikisaidia waokoaji wa tetemeko la Haiti. Kazi hii tunaiweza.

Sitakuficha gharama zake. Leseni hailipiwi, lakini seva, umeme na mafundi vinalipiwa. Decidim imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Ruby, na mafundi wake si wengi hapa, kwa hiyo itabidi vijana wawili watatu wa idara ya TEHAMA wafundishwe na waajiriwe kwa kudumu. Patahitajika pia watu wa kusimamia mjadala, maana matusi na chuki za kikabila zitaingia tu, hasa uchaguzi ukikaribia, na wasimamizi hao wasiwe wa chama wala wa ukoo mmoja. Nambari za vitambulisho zitakazothibitisha wakaazi zilindwe kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Na hakuna programu inayoweza kumlazimisha afisa asiyetaka kujibu. Hilo ni agizo lako wewe, Mheshimiwa, na ningependa kuliona limeandikwa: kila idara ijibu kila pendekezo kabla bajeti haijapelekwa kwenye bunge la kaunti tarehe 30 Aprili.

Naomba siku moja tu. Nitakuja na kompyuta yangu, niisimamishe programu hii mbele ya maafisa wako bila malipo. Pendekezo la kwanza nitakaloingiza ni la yule mama, paneli za sola za kisima, na naomba ofisi yako ilijibu siku hiyohiyo.

Wako mwaminifu,
Mkaazi na fundi wa kompyuta