YAH: IPv6 kwenye rauta yangu, na lile neno "haelewi" mliloniandikia

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salaam. Naandika kwa heshima, ila ya kwangu imebaki kidogo sana, naomba mnivumilie. Namba za tiketi zote tatu nimeziweka juu kwenye kichwa cha imeili. Sitawaelezea kifurushi changu ni kipi wala mliahidi nini, tangazo ni lenu, mkataba ni wenu, na ile sentensi kwamba wateja wote wa faiba wanapata IPv6, toleo la sita la mfumo wa anwani za intaneti, mmeiandika wenyewe.

Ninachotaka ni kimoja tu, IPv6 ifanye kazi nyumbani kwangu. Basi. Nikiingia 192.168.1.1, ukurasa wa setingi za rauta, naliona neno lenyewe kwenye menyu ya WAN, ule upande wa rauta unaoungana na mtandao wenu, lakini pa kubonyeza pana rangi ya kijivu hapabonyezeki, kwa sababu paswedi ya adimini mmeikalia nyinyi. Nikapiga simu. Mhudumu wa kwanza akaniambia zima rauta washa, wa pili zima washa, wa tatu akaniuliza "IPv6 ndio bando gani hilo mama?" Ndio nikaona nije ofisini mwenyewe, na hapa naomba msome polepole.

Jumanne ile nimekaa foleni tangu saa mbili na nusu, nafika kaunta saa nne kasoro. Kijana aliyekuwepo ni wa umri wa mwanangu wa mwisho, shikamoo hakunipa, nikameza. Nikamweleza taratibu kwamba rauta yangu upande wa WAN inapewa anwani inayoanza na 100.72, maana yake mmeniweka nyuma ya CGNAT, mimi na wateja wengine sijui wangapi tunatoka nje kwa anwani moja, kwa hiyo hata nikifungua poti, yaani mlango wa kuingilia kutoka nje, kwenye rauta haisaidii kitu, ndio maana naomba IPv6 ili kila kifaa changu kiwe na anwani yake. Sijamaliza hata kusema, akamgeukia mwenzake wa kaunta ya pili, kwa sauti: "Njoo umsikie huyu mama, anataka intaneti ya sita." Wakacheka. Na foleni ikacheka. Alafu akanigeukia mimi, "Mama nenda kamlete kijana wako, haya mambo ya mitandao yatakuumiza kichwa bure."

Mimi ni mwalimu wa kompyuta. Mwaka wa 19 huu nafundisha hapahapa Moshi, na baadhi ya vijana mnaowaajiri wamepita mikononi mwangu. Nyumbani kwangu Rau, kwenye shelfu juu ya tivii, nina kompyuta ndogo nimeigeuza seva, imejaa notsi na mitihani ya miaka ya nyuma, wanafunzi wa kidato cha sita wakiwa likizo Pasua, Majengo, Kiboriloni wafungue wasome. Haifunguki. Mtoto ananitumia meseji, mwalimu mbona haifunguki, nami namjibu subiri kidogo. Nimemjibu hivyo mwezi wa pili sasa.

Fundi wenu nimemruka kwa hasira, yeye alikuja kabla ya hiyo Jumanne, Alhamisi ya wiki iliyotangulia. Hakuuliza kitu, akachomoa pini mfukoni akaichomeka kwenye kitundu cha kurisiti mpaka taa zote zikazima. Setingi zote zikafutika, pamoja na jina na paswedi ya PPPoE, zile rauta inazoingilia kwenye mtandao wenu, ambazo yeye mwenyewe hakuja nazo! Akasema ngoja nimpigie bosi, akatoka nje na simu sikioni, sikumwona tena mpaka Jumatatu. Siku zote hizo nyumba haina intaneti, na Ijumaa nilitakiwa kutuma alama za mock za darasa zima, nikazituma kwa bando la simu nimesimama uani natafuta mtandao. Jumatatu akarudi, akaingiza paswedi yake ya siri huku kanipa mgongo, akabonyeza IPv6 ikasoma imewashwa, akanionyesha taa ya kijani, "si unaona mama, imewaka."

Haijawaka. Kila kifaa changu kina anwani ya fe80 tu, na hiyo kifaa hujipa chenyewe, haitoki nje ya nyumba, ningeipata hata faiba yenu ikikatwa. Nikapima kama IPv6 inafanya kazi, nikapata 0 kati ya 10. Inayotakiwa ni prefiksi kutoka kwenu, yaani fungu la anwani za IPv6, mitambo yenu iikabidhi rauta kwa utaratibu wa DHCPv6, mkinipa fungu kubwa la /56 nitashukuru, dogo la /64 nalo kwa nyumba yangu linatosha, halafu rauta ndio ivigawie vifaa anwani. Kama kule hamjaruhusu, fundi abonyeze mpaka kidole kiote sugu hakuna kitakachotokea. Na hili mnalijua, maana mwalimu mwenzangu wa Shanty Town ana kifurushi hichohicho, rauta ya aina hiyohiyo, na nimeona kwa macho yangu kwenye laptopu yake anwani inayoanza na 2c0f, ya kwenye fungu la Afrika kabisa. Yeye mmempa. Mimi na yeye tunalipa sawa.

Na fundi asirudie kuniambia kwamba ni teknolojia mpya haijafika huku. Mpya kivipi? Kiwango chake kilichapishwa Desemba 1998, hao wanafunzi wangu walikuwa hawajazaliwa. Tarehe 6 Juni 2012 makampuni makubwa ya dunia yaliiwasha kwa pamoja yakasema haizimwi tena. IPv4, ule mfumo wa zamani, kwa ujumla wake ni anwani bilioni 4.3 tu, na tarehe 3 Februari 2011 mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa. Sasa kwenye simu mkaniambia nikitaka kufikika kutoka nje ninunue anwani ya umma ya IPv4, nilipie kila mwezi. Yaani kilichoisha duniani ndio mnaniuzia, na kile kilichopo tele mmekifungia kwa paswedi!

Msije pia mkasema ni kwa usalama wangu. Acheni faiawoli ya IPv6 imewashwa ikatae kila kinachoingia kutoka nje, mimi nitaruhusu poti moja ya seva basi. Hiyo nawafundisha watoto wa miaka 17.

Narudi kwenye ile Jumanne, maana usiku nikilala ndio inakuja. "Huyu mama anataka intaneti ya sita." Kicheko kingeisha, watu hucheka. Lakini baada ya kuniambia nikamlete kijana wangu alianza kuandika kwenye kompyuta, na skrini yake ilikuwa imegeuzwa nusu, mimi naona. Akaandika: "Mteja haelewi anachotaka. Imefungwa." Nikagonga kioo kwa kidole, nikamwambia andika nilichokueleza, mimi naelewa, sema wewe hujaelewa, si dhambi, niitie anayeelewa. Akaniangalia usoni, akabonyeza Enter akiwa bado ananiangalia. Akaita "Anayefuata!" na dada mmoja mwenye mtoto mgongoni ikabidi asimame pembeni yangu anangoja kiti wakati mimi bado nimekikalia, sijui nifanye nini na mikono yangu. Nikainuka. Niko juu ya bodaboda hata mnara wa saa hatujafika, ikaingia meseji yenu: tatizo lako limetatuliwa, tupe nyota 1 hadi 5.

Nilikuwa naanza barua hii nadai prefiksi tu. Sasa nadai hivi. Prefiksi iwe imefika kwenye rauta yangu ndani ya siku 7, na paswedi ya adimini nipewe, au mnifungulie menyu ya IPv6 niishike mwenyewe. Siku tano nilizokaa gizani, Alhamisi mpaka Jumatatu, mnirudishie hela yake, hapana, mrudishe ya mwezi mzima, kwa sababu seva haijafunguka mwezi mzima na kabla ya hapo pia. Tiketi ile ifunguliwe upya na yale maneno yafutwe, paandikwe nilichosema, nami nitumiwe nakala niione. Na huyo kijana aniombe radhi, sitaki afukuzwe kazi, ana mama yake na yeye. Aje aniombe radhi palepale kaunta nikiwa nimekaa kwenye kiti kilekile, siyo kwa meseji.

Zikipita siku 7 kimya, barua hii na tiketi zote tatu naziwasilisha TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na nakala Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Picha za skrini ninazo: ya 100.72, ya fe80, ya 0 kati ya 10, na ya meseji ya nyota. Na pale ofisi ya walimu tuko 11 tunaotumia faiba yenu. Nimeshaongea nao. Sita wamesema mimi nikihama wanahama, wengine wanasubiri kuona mtanijibu nini, na mwenzangu wa Shanty Town ambaye kwake IPv6 iko poa kabisa ndiye wa kwanza kunyoosha mkono.

Siku ya saba ni Ijumaa ijayo. Saa kumi jioni nitakuwa nyumbani, nitaizima rauta niiwashe kama mnavyopenda kunishauri, na nitaangalia anwani inaanza na nini.

Wenu,
Mwalimu, mteja wa faiba
Rau, Moshi