Shujaa aliyesingiziwa aokolewe na ushahidi

MHARIRI,

Shule zikifungwa, vijana wa huku Kisumu, Siaya na Kakamega husambaza katuni zao fupi kwa simu, na hadithi inayorudi kila mara ni ya shujaa mwenye nguvu za ajabu anayesingiziwa uhalifu. Nami naipenda. Ila karibu zote huharibikia mahali pamoja: shujaa anavunja seli, anamsaka mhalifu halisi, anamtwanga, na mhalifu anakiri mbele ya umati. Mtoto anayetazama amefunzwa kwamba ukisingiziwa, dawa ni kutoroka kizuizini na kumpiga mtu hadi akubali. Naomba nafasi nieleze kwa nini mwisho huo ni dhaifu hata kama hadithi, na namna ya kujenga ulio imara.

Mfano bora ninaoujua ni wa mwaka 2001, katika mfululizo wa katuni wa Justice League, hadithi ya sehemu mbili iitwayo "In Blackest Night". John Stewart, ndiye Green Lantern, shujaa ambaye nguvu zake hutoka kwenye pete, anashtakiwa kwa kuangamiza sayari ya Ajuris 5 pamoja na watu bilioni tatu. Shahidi yupo, haramia Kanjar Ro ambaye John alikuwa akimfukuza. Mshtakiwa mwenyewe hataki kujitetea, kwa sababu aliuona mwale wa pete yake ukipiga sayari na anaamini kwamba ameua. Hapo ngumi hazina kazi. Kinachomwokoa ni mwezi. Wenzake wanachunguza mahali ilipokuwa sayari na kukuta mwezi wake ungali kwenye njia yake. Kama sayari imetoweka, mwezi unazunguka nini? Sayari ilikuwepo muda wote, imefichwa kwa taswira ya uongo, na ushahidi ulikuwa wa kupangwa.

Batman naye, katika "On Leather Wings" ya 1992, analaumiwa kwa mashambulizi ya kiumbe mwenye mabawa, na kazi yake ya kwanza ni kukusanya nywele na sauti iliyonaswa kwenye kanda. Kufukuzana angani kunakuja baadaye.

Sasa tuilete hadithi hiyo ziwani. Tuseme vibanda vya kuhifadhi omena, yaani dagaa, vimeungua saa tisa usiku ufuoni Usenge, kwenye Ziwa Viktoria, na shahidi anasema alimwona shujaa wetu, kwa barakoa na joho lake, akimwaga petroli. Kosa ni zito: kifungu cha 332 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu hadi kifungo cha maisha kwa anayechoma jengo kwa makusudi. Mwandishi ana mambo mawili ya kuchezea hapa, nayo ni barakoa na mwanga.

Barakoa kwanza. Shahidi aliona nguo. Nguo hiyo fundi cherehani yeyote wa soko la Bondo anaweza kuishona kwa siku moja akipewa picha. Mahakama zetu hutofautisha kumtambua mtu unayemjua na kumtambua mgeni. Katika kesi ya Anjononi ya mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kumtambua unayemjua kunategemewa zaidi. Shujaa mwenye barakoa anajulikana na kaunti nzima, lakini uso wake haujulikani na mtu. Basi polisi wakiitisha gwaride la utambulisho, watafanyaje? Utaratibu unataka mshukiwa achanganywe na watu wasiopungua wanane wa umri, kimo na umbo linalokaribiana na lake, achague mwenyewe mahali pa kusimama, na shahidi asiwe amemwona kabla ya hapo. Wakisimama tisa nyuso wazi, shahidi hana uso wa kuutafuta. Wakivishwa barakoa wote tisa, anachokitambua ni kitambaa. Onyesho hilo lina raha yake na halihitaji hata kofi moja. Kosa ambalo waandishi hufanya ni kumwacha mshukiwa peke yake amevaa joho huku wanane wengine wakiwa na mashati ya kawaida, kisha wakalihesabu kuwa gwaride. Hakimu makini halipi uzito.

Mwanga ndio wenye utamu zaidi. Wavuvi wa omena huvua kwa taa, zamani karabai na siku hizi nyingi za sola, zikielea juu ya maji kuwavuta samaki. Taa hufanya kazi usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawakusanyiki, na boti nyingi hubaki ufuoni. Mtoto wa Usenge analijua hilo kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo shahidi akisema, "Nilimwona wazi, mbalamwezi ilikuwa kama mchana," na ziwani nyuma ya moto kulikuwa na msururu wa taa za omena, amejifunga mwenyewe. Hila hii ina ukoo wa heshima: mwaka 1858 huko Illinois, wakili Abraham Lincoln alitumia almanaki kuonyesha kwamba mwezi ambao shahidi alidai ulikuwa juu angani ulikuwa unakaribia kutua, na mteja wake akaachiliwa.

Mpangilio wa maswali ndio roho ya onyesho la mahakamani. Wakili aanze na mwezi: ulimwona kwa mwanga gani? Ulikuwa mpevu? Ulimwangaza usoni au mgongoni? Shahidi ashikilie jibu lake mara tatu. Baada ya hapo ndipo aulizwe, kana kwamba ni jambo la kupita tu, boti za omena zilikuwa ngapi usiku ule. Akijibu "nyingi", kwisha. Ukigeuza mpangilio ukaanza na taa, shahidi atasema alimwona kwa mwanga wa taa hizo hizo, na mlango umefungwa. Wala wakili hahitaji kubahatisha, kwa kuwa Katiba, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautegemea. Neno "mbalamwezi" atalisoma kwenye taarifa ya shahidi wiki kadhaa kabla ya kesi. Mwonyeshe akilipigia mstari kwa kalamu, kisha endelea na hadithi bila kueleza.

Kwa wachoraji, hapa ndipo mambo huenda mrama. Kipindi cha dakika 22 kwa fremu (picha moja moja) 24 kila sekunde ni fremu 31,680. Ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, bado ni michoro 15,840. Hivyo kila mtu anakimbizana na muda, na mchoraji wa mandhari akiambiwa "usiku" huweka mwezi mkubwa mweupe kwa mazoea. Ushahidi umekufa hapo hapo. Iandikwe kwenye karatasi ya kila mandhari ya usiku: hakuna mwezi, taa ziwani. Mtia rangi naye huinua mwanga wa anga ili mhusika aonekane. Afadhali ainue mwanga wa moto na kuacha anga jeusi. Taa zenyewe ni rahisi: mandhari moja, na juu yake michoro minne ya taa zinazopepesa inayorudiwa, badala ya michoro 48 kwa onyesho la sekunde nne. Onyesho hilo liwekwe ndani ya dakika nne za mwanzo, kabla ya mtu yeyote kulaumiwa, na kamera isizisogelee taa. Ukizisogelea umeshamnong'oneza mtazamaji jibu. Taa zionekane tena angalau mara moja moto unapowaka, la sivyo mtazamaji atadai amelaghaiwa, na atakuwa na haki. Na usiweke tukio kati ya Aprili na Julai, kwa sababu miezi hiyo uvuvi wa omena hufungwa. Mzee mmoja tu wa ufuoni akiona kosa hilo, kijiji kizima kitalisikia.

Vipi kuhusu seli? Shujaa asiivunje. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, na zikiisha nje ya saa za kazi au siku isiyo ya korti, basi kabla ya mwisho wa siku ya korti inayofuata. Akikamatwa Ijumaa jioni, atakaa hadi Jumatatu. Siku tatu za mtu awezaye kupinda chuma kwa vidole, ameketi sakafuni akiitazama nondo, zinaonyesha nguvu zake kuliko ukuta wowote utakaoangushwa.

Na ikiwa mwandishi anataka shujaa akubali kosa kama John Stewart, kwa uchungu wa kufika moto ukiwa umeshateketeza kila kitu, afuate njia ya kesi ya Adan ya mwaka 1973, iliyoeleza namna korti inavyopokea jibu la anayekiri kosa. Shtaka husomwa na kuelezwa katika lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake huandikwa kwa maneno yake mwenyewe. Kiongozi wa mashtaka husoma maelezo ya tukio. Kisha mshtakiwa huulizwa kama maelezo hayo ni ya kweli. Hapo kuna tamthilia ya bure. Shujaa amesema "ni kweli", lakini akisikia habari ya petroli anainua kichwa: "Mimi sikubeba petroli." Hakimu hawezi kumtia hatiani tena, lazima aandike kwamba amekana, na kesi isikizwe. Kama shahidi anazungumza Dholuo na mshtakiwa haielewi, awepo mkalimani kizimbani, achorwe na apewe sauti, maana hata zile kimya fupi za kusubiri tafsiri zinampa wakili nafasi ya kumtazama shahidi machoni.

Ombi langu kwako ni dogo. Ukurasa wenu wa watoto unapopokea vibonzo vya mashujaa, mpe nafasi ya kwanza mtoto ambaye shujaa wake ameachiliwa kwa jambo lililokuwa limechorwa tangu fremu za mwanzo, hata kama mistari yake haijanyooka. Mistari hunyooshwa kwa mazoezi ya miezi michache. Jicho la kuona taa ziwani na kuuliza mwezi ulikuwa wapi linahitaji mtu wa kumwambia mtoto mapema kwamba limeonekana.

Mkufunzi wa uhuishaji,
Milimani, Kisumu