Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi: misitu ya vijiji inahitaji mafundi wake

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salamu kutoka Liwale. Huku kwetu kijana ukimuuliza anataka kusomea ufundi gani, atakutajia udereva, umeme, ushonaji au uchomeleaji. Ni fani njema zote. Lakini Msitu wa Angai tu, ulio kwenye ardhi ya vijiji vyetu, una zaidi ya hekta 130,000, na kijana huyo hajawahi kuambiwa kwamba kuutunza nako ni ufundi wa kumlipa mtu mshahara.

Sheria tunayo. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Ndugu zetu wa Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, walionyesha njia: mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unasimamiwa vizuri, ikawa ya kwanza Afrika miongoni mwa misitu ya asili inayosimamiwa na wananchi. Mpingo wao ukauzwa kwa heshima.

Tatizo ni mikono. Kabla mpingo mmoja haujakatwa kihalali, mipaka hupimwa kwa GPS, miti huhesabiwa, kipenyo hupimwa usawa wa kifua, ujazo hukokotolewa, kisha kiwango cha kuvuna huandikwa kwenye mpango wa usimamizi. Mara nyingi kazi hiyo humsubiri afisa misitu mwenye wilaya nzima mabegani, au wataalamu wa mradi. Mradi ukifungwa, ujuzi huondoka nao. Mpango ukiisha muda wake, kijiji hakiwezi kuuza hata gogo moja, huku wanaokata usiku wakiendelea.

Halafu kuna ufuta. Ufuta ndio unaosomesha watoto wetu, kwa hiyo sitaki yeyote aniambie tuuache. Lakini mkulima hufyeka pori kwa sababu shamba jipya lina rutuba na magugu machache. Misimu michache ikipita, magugu yanamshinda, anasogea mbele na kufyeka tena. Mpingo anaouchoma unaweza kuwa umeota kabla babu yake hajazaliwa. Huyu mkulima hahitaji kufokewa. Anahitaji mtu wa kijijini kwake aliyefunzwa kupima shamba, kubadilisha mazao na mbaazi au kunde, kuzuia mmomonyoko kwa makinga maji, na kumwonyesha kwenye ramani ya matumizi bora ya ardhi shamba linaishia wapi na njia ya mifugo inapita wapi. Wafugaji walianza kuingia kwa wingi mkoani mwetu baada ya kuondolewa bonde la Ihefu, Mbeya, mwaka 2006. Penye mipaka isiyojulikana, watu wameumizana.

Na moto, Mheshimiwa. Moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, huua miche na kuunguza hata miti mikubwa. Ukichoma mapema kwa utaratibu, nyasi zingali na unyevu, moto hupita chini na kuacha njia ambayo ule mkali hauivuki. Ni kazi ya kujua upepo, saa na mahali pa kuanzia. Hiyo nayo ifundishwe kwa vitendo, na watu walipwe kwayo.

Najua vyuo vipo: Olmotonyi kwa misitu, Tabora kwa nyuki, Pasiansi kwa wanyamapori, na jirani zetu wa Namtumbo wana Likuyu Sekamaganga kwa askari wa wanyamapori wa vijiji. Lakini ni safari ndefu na ada kwa mtoto wa mkulima, na vingi hutaka ufaulu wa kidato cha nne ambao wengi wa vijana wetu hawana.

Ninachokuomba ni hiki. Waite mezani VETA ya mafunzo ya ufundi stadi, TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, na wakurugenzi wa halmashauri zetu, muandae kozi fupi ya usimamizi wa misitu na ardhi ya kijiji, iwe Lindi, mafunzo mengi yawe msituni, na aliyeishia darasa la saba apokelewe. Wazee wa kamati za maliasili ambao wamepima na kulinda kwa miaka mingi wapimwe kupitia utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wapewe vyeti, wawe walimu wa vitendo. Wasichana watengewe nafasi tangu mwanzo. Vikundi vya wahitimu vikopeshwe ile asilimia 4 ya vijana kutoka mapato ya ndani ya halmashauri, wanunue GPS na vifaa vya kudhibiti moto. Na kila kijiji chenye msitu kitenge kwenye mapato ya magogo posho ya fundi wake mmoja au wawili, jambo ambalo ofisi yako inaweza kulisimamia.

Tafadhali kikao hicho kifanyike kabla ya Mei, ili kundi la kwanza lianze na kuchoma moto wa mapema.

Wako katika ujenzi wa mkoa,
Mjumbe wa zamani wa kamati ya maliasili ya kijiji, Liwale