Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mnyamapori na Ujira Wake

Ndugu wanachama,

Mada mliyoipitisha, uhusiano wa jamii mbalimbali na wanyamapori, ilikuwa pana mno. Kamati iliibana ikabaki swali moja: mnyama anayemsaidia binadamu kazi hupata ujira gani?

Vikao vingi viliishia kwa mlembe, ndege anayewaongoza watu hadi kwenye nyuki, na sioni kosa. Huko Niassa, Msumbiji, Wayao humwita kwa mlio wa "brrr-hm". Ndege hupiga kelele, huruka mti hadi mti akionyesha manyoya meupe ya mkiani, kisha hunyamaza karibu na nyuki. Watu hufukiza moshi, hupasua mti kwa shoka, huchukua asali. Utafiti wa mwaka 2016 ulipima jambo hilo: kwa sauti nyinginezo nafasi ya kuonyeshwa nyuki ilikuwa asilimia 16, kwa mlio huo ikafika 54. Wahadzabe wa Tanzania hupiga mluzi, na milembe wa kwao huuitikia huo kuliko mlio wa Kiyao. Mgeni asiyejua wito wa mahali atazunguka sana. Ujira nao hutofautiana. Wayao humtandikia nta juu ya majani, ilhali Wahadzabe mara nyingi huichoma au kuifukia ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Kwa hiyo bango letu linalosema kila jamii humlipa mlembe lirekebishwe.

Laguna, Brazili, hakuna anayemlisha mwenzake. Wavuvi husimama majini kwa mstari, pomboo huwasukumia mikizi, kisha huzama ghafla. Hapo ndipo kimia, wavu wa kurusha, hutupwa. Ukichelewa, kundi limeshatawanyika. Mikizi waliochanganyikiwa huwa riziki ya pomboo. Hatari ni nyavu za kutega, ambazo huwanasa pomboo wenyewe.

Duma wa India hakuwa na hiari. Watawala wa Kimughal, nasaba iliyotawala India zamani, waliwafuga wengi kwa ajili ya kuwinda swala, lakini duma huzaa kwa nadra sana akiwa kifungoni, hivyo kila aliyekufa alifidiwa na mwingine wa porini. Uwindaji na kupotea kwa mbuga vikamalizia; mwaka 1952 India ilitangaza kwamba wametoweka.

Mwaka ujao kamati inapendekeza kozi, ndege wa kuwindia, ambaye hupimwa uzito kila siku kwa gramu, kwa kuwa aliyeshiba haitiki akiitwa. Mapendekezo mengine yamfikie katibu kabla ya mkutano mkuu.

Mwenyekiti